Maembe ya Nyuzi

Mama yangu amebakiza meno machache na maoni mengi, na sehemu kubwa ya maoni hayo inahusu maembe. Yeye anaishi Thika. Mimi naishi Mwihoko, upande wa Ruiru, katika ploti ya wapangaji ambako kamba ya nguo ya jirani inaanzia kwenye dirisha langu. Ninafundisha shule ya upili, na kila Jumamosi shule ikiniachia huwasha kagari ketu kazee nikaenda kumwona. Sasa ukienda kwa mama yako mwezi wa Januari mikono mitupu, wakati maembe yamejaa kando ya barabara mpaka mbuzi wameyachoka, basi wewe hukulelewa. Kwa hivyo nilikuwa nampelekea maembe.

Mwaka huu aliyakataa yote. Jumamosi ya kwanza nilimpelekea yale makubwa yenye wekundu shavuni, ambayo hata kuyapiga picha ni raha. Akashika moja, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalinusa kitako, akalirudisha kwenye mfuko.

"Hili limeivia kwa gunia," akasema.

Jumamosi iliyofuata nikachukua ya njano, kwa mama mmoja aliyeniapia kwa jina la Yesu kwamba yalichumwa asubuhi ile ile. Mama yangu akasema ni ya maji, na kwamba Yesu ana kazi nyingi, asiingizwe kwa mambo ya soko. Safari ya tatu akakubali kukata kipande. Akakitafuna, akakimeza, nami nikadhani nimeshinda.

"Hili ni laini sana," akasema, kwa sauti ya mtu anayemsema mwizi.

"Mami, si embe linafaa kuwa laini?"

"Laini namna hii ni la mgonjwa. Mimi ni mgonjwa?"

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amenuna, na kununa kwake kulikuwa kumemaliza mwaka. Alitaka maembe ya dada yake, na dada yake hakuwa anamsemesha.

Huyo dada, ambaye ni mdogo wake na ambaye mimi humwita Tata, anaishi Ngoliba, kule chini kwenye ardhi kavu ambako jua huamka mapema kuliko watu. Nyuma ya jikoni yake kuna mwembe mmoja. Nitasema ukweli kuhusu matunda ya mwembe huo, kwa kuwa nimefika umri ambao hakuna wa kunichapa: ni mabaya. Ni madogo, ni ya kijani hata yakiiva, na ndani ni nyuzi tupu. Ukila embe moja la Tata, unashinda na kijiti mdomoni mpaka Jumatatu. Nikiwa mdogo nilitolewa nje ya kanisa kwa kuchokonoa meno wakati wa maombi. Lakini mama yangu huyala akiwa amefumba macho, na ukithubutu kuyalinganisha na embe lingine anakuangalia kama mtu aliyeuza shamba la ukoo.

Kila msimu wa jua Tata alijaza kiondo maembe hayo, akakituma Thika. Mama alikula, akatugawia, kisha akakijaza kiondo vitu vya upande wa baridi ambavyo Ngoliba havioti: plamu, minji, nduma, kabichi moja nzito ya kukikalisha vizuri. Kikarudi. Kwetu, kiondo kilichokuletea chakula hakirudi kitupu. Hiyo sheria haijaandikwa popote na haina haja ya kuandikwa. Mtu anaweza kuchelewa kubatizwa akasamehewa, lakini si hilo. Na hao wawili walikuwa wameligeuza kuwa mashindano. Mwaka mmoja Tata alifunga kuku hai juu ya maembe, na kuku huyo akafika Thika amekasirika kuliko abiria wengine wote. Mama akajibu kwa blanketi.

Jambo lingine la kujua ni kwamba mimi nilipewa jina la shosho yangu, yaani mama yao. Kwa desturi yetu hilo linanifanya mimi kuwa mama yao, na wote wawili huniita "maitu", mama yangu. Ni cheo kisicho na faida. Wananituma dukani kama mtoto, na mambo yakiharibika wananilaumu kama mzazi.

Sasa aingie mume wangu. Ni mtu mzuri, na nasema hivyo mapema kwa sababu maneno yanayofuata hayatamsaidia. Alitoka magharibi, upande wa Kakamega, na ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo pale Eneo la Viwanda, Thika. Kazi hiyo imempa imani kwamba kitu chochote kilichofumwa kinahitaji kuoshwa.

Mwaka jana kiondo cha Tata kilikuwa kimening'inia kwenye msumari jikoni kwetu. Mama alikuwa ameniletea fungu langu la maembe ndani yake, akasema kikae hapo, atakuja kukijaza akipata nduma nzuri. Mimi nikaenda semina ya walimu. Huku nyuma mume wangu akapata safari ya Ngoliba, kwenye mazishi ya baba ya mwenzake wa kazini. Akakiona kiondo cha watu kimekaa tu msumarini, akawaza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alikiosha. Alikisugua kwa sabuni ya unga na brashi, akakianika juani, akakifikisha kwa Tata kikiwa cheupe pepepe na bila hata jani ndani.

Nilimkuta nyumbani amefurahi.

"Huyo tata yenu ni mpole sana," akaniambia. "Amepokea kiondo na mikono miwili, akaangalia ndani mpaka chini, akasema asante. Hata chai amenipa."

"Uliweka nini ndani?"

"Ndani ya nini?"

Nikakaa chini. Nikamuuliza kama kwao wanarudisha sahani ya watu tupu. Akashtuka kweli kweli.

"Sahani? Hapana! Sahani hairudi hivyo. Lakini hii si sahani, ni mkoba. Nani anarudisha mkoba na kitu ndani?"

Kumrudishia mtu kiondo kitupu ni kumwambia tumemalizana. Kukiosha kwanza ni kumwambia hata harufu yako siitaki. Mume wangu aliyasema yote mawili bila kufungua mdomo, kisha akanywa chai.

Nikamweleza mama, na simu moja ingetosha kulimaliza jambo hilo. Lakini mama angesema nini kwenye simu hiyo? Kwamba mkwe wake hana adabu? Mkwe, tunayemwita muthoni, hasemwi. Muthoni akikalia kofia yako, unamwambia kofia yenyewe ilikuwa imechoka. Tata naye hangeweza kulalamika kwa sababu hiyo hiyo, maana kulalamika ni kumtaja muthoni. Basi wanawake wawili waliolala kitanda kimoja utotoni, wakigombania blanketi, wakanyamaziana kwa heshima. Kwenye harusi ya binamu yangu walikalishwa meza moja, na kila mmoja alipotaka chumvi aliiomba kupitia kwangu.

Wengine walicheka, hata mimi nilicheka kidogo. Lakini walizaliwa wengi katika nyumba ile na wamebaki hao wawili. Mama alikuwa ameanza kukaa kibarazani Jumamosi akitazama lango, na mimi nilipoingia uso wake ulikuwa unashuka kidogo kabla ya kunikaribisha. Niliogopa. Niliogopa kwamba mmoja wao atakufa na mwingine atabaki na maneno yake mdomoni, na mimi, mama yao wa jina, nitakuwa nimesimama hapo na mfuko wa maembe yaliyokataliwa.

Kwa hivyo, baada ya lile embe la mgonjwa, nikaamua kulizungusha upya gurudumu la viondo. Nilihitaji kiondo cha mama mwenyewe. Kikienda Ngoliba kimejaa, Tata atalazimika kukirudisha kimejaa, na mambo yataendelea kama zamani.

"Mami, niazime kiondo chako. Naenda soko."

Alinitazama. Kiondo chake ni cheusi na zambarau, chenye mishipi ya ngozi, na kazi yake ni kubeba Biblia kwenda kanisani, ambako yeye ni mwenyekiti wa akina mama.

"Mifuko yako imeisha?"

"Imeraruka."

"Mmh," akasema. Akatoa Biblia, akatoa miwani, akatoa peremende za mwaka gani sijui, akanipa kiondo. Nilipofika langoni nikamsikia akinena nyuma yangu, kana kwamba anaongea na kuku.

"Plamu chukua ngumu. Laini hazifiki mbali."

"Mbali wapi, mami? Soko si iko hapa?"

"Nimesema tu. Na minji usikubali ile imetolewa maganda. Watu wa joto wanapenda kuambua wenyewe."

"Watu gani wa joto?"

"Enda soko, maitu."

Soko la Thika siku ya Jumamosi si mahali pa mtu mwenye aibu. Kila muuzaji anakuita kastama hata kama hamjawahi kuonana, na ukipita bila kununua anakuita hivyo hivyo lakini kwa sauti nyingine. Jua lilikuwa limewaka mpaka miavuli ya wauzaji imepauka. Mboga za terere na managu zilikuwa zimeadimika kwa ukavu, na mwanamke aliyekuwa nazo alizifunga majani machache machache kwa uzi akiyapanga kama mashada ya bibi harusi. Upande wa maparachichi kijana mmoja alinishika mkono.

"Mathe, chukua hii. Jumanne itakuwa imeiva."

"Jumanne ya mwaka gani?"

"Wee mathe! Hii ni ya kwetu Gatundu, siwezi kukudanganya."

Nikalibonyeza, na kidole ndicho kilichobonyea. Parachichi la Januari ni jiwe lililopakwa rangi, na kila mtu anajua, lakini bado linauzwa na bado tunalinunua, kisha tunaliweka ndani ya unga na kuliombea. Hilo nikaliacha.

Plamu nilizipata kwa mama mnene aliyekuwa amezimwagia maji zing'ae. Nilizichagua moja moja, ngumu, zile ambazo ukizigonganisha zinalia.

"Kastama, unachagua plamu ama mume?" akaniuliza.

"Mume nilichagua haraka. Ndiyo maana niko hapa."

Akacheka mpaka kibandiko cha M-Pesa kikadondoka kutoka kifuani pake, akaniongezea nyongeza ya plamu nyingine, nazo zilikuwa laini, nikazila papo hapo. Minji nikachukua na maganda yake. Viazi vipya vyenye ngozi ya kukwaruzika kwa kucha, nduma zenye udongo wa mtoni, matunda damu, na kabichi ya kukalisha kiondo. Nilipomaliza mishipi ya ngozi ilikuwa inalia begani, na nilijisikia mtu wa maana. Niliendesha mpaka Ngoliba nikiwa nimekifunga kiondo mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria.

Tata alikuwa uani akipepeta mbaazi. Aliponiona akaweka ungo chini.

"Maitu! Umekonda. Muthoni hakulishi?"

Hivyo ndivyo alivyomtaja, kwa upole kabisa, na hakumtaja tena. Akakipokea kiondo kwa mikono miwili. Alikijua. Alipitisha kidole kwenye mshipi mmoja wa ngozi, mahali palipowahi kukatika na kushonwa, akaangalia ndani mpaka chini. Kisha akatandika gunia na kumwaga kila kitu. Plamu zikakimbia mpaka kwa kuku. Akaiokota moja, akaipangusa kwa leso, akaiuma, na uchachu ukamkunja uso wote.

"Ni ngumu," akasema. "Amechagua vizuri huyo mtu aliyekuambia."

"Hakuna mtu ameniambia."

"Sawa, maitu."

Alinipikia ugali na kunde, tukaongea juu ya mvua ambayo haikuja, mchungaji mpya anayependa sadaka kuliko mbingu, na goti la Tata linalouma. Juu ya mama hatukuongea. Mwembe ulikuwa pale nyuma ya jikoni, umezaa mpaka matawi yameinama, na mengine yalikuwa yameanguka yakiliwa na nyuki. Niliposimama kuaga, Tata akaingia ndani, akarudi, akanipa kiondo.

Kilikuwa chepesi. Nikasubiri. Akasubiri pia.

"Tata, hii ni tupu."

"Nimeona."

"Na mwembe umejaa hapo nyuma."

"Umejaa kweli. Mwaka huu Mungu ametukumbuka."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo msalimie mamako."

Hapo nilikasirika. Nikamwambia kwamba mimi ndiye nina jina la mama yao, na kama mama yao naamuru huo upuzi uishe leo. Tata akanisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa kwa heshima zote.

"Maitu," akasema, "ungetulea vizuri hatungekuwa hivi."

Njia yote ya kurudi nilimtukana, yeye na dada yake na mume wangu na yule aliyegundua ufumaji. Kiondo kilikuwa kwenye kiti cha mbele, mdomo wazi. Akilini nilimwona mama kibarazani akitazama lango. Nilijiona nikimpa kiondo chake cha Biblia kikiwa kitupu, na sikuweza. Nilipofika Thika nikakata kona ya sokoni. Nilikuwa na mpango, na kama mipango yote ya walimu ulikuwa mzuri kwenye karatasi: ningenunua maembe mabaya.

Hujui ugumu wa jambo hilo mpaka ulijaribu. Nilipita kwenye meza baada ya meza, nikiuliza kama kuna yenye nyuzi.

"Nyuzi? Aca! Mimi siuzi takataka, madam," mmoja akanijibu, amekasirika kabisa. "Yangu hata mtoto hana meno anakula."

"Hayo ndiyo siyataki."

Mwenzake wa pembeni akamwambia polepole kwamba jua limekuwa kali sana siku hizi, watu wanaathirika. Nikaendelea. Nilionjeshwa maembe matamu mpaka tumbo likajaa, na kila nilipotikisa kichwa nikisema "tamu mno" nilizidi kupata sifa mbaya. Mwishoni, nyuma kabisa karibu na majalala, nikaona mzee mmoja ameketi na kilima kidogo cha maembe ya kijani, madogo, yenye sura ya ukaidi. Nikalikata moja kwa meno. Nyuzi zikanishika pale pale, nikafurahi karibu nimkumbatie.

"Hayo si ya kuuza, mama," akasema. "Nimewekea mtu wa nguruwe."

"Nipe yote."

"Una nguruwe?"

"Nina mama."

Akanitazama kwa huzuni, akanijazia.

Mama alikuwa kibarazani. Alipoona kiondo kimefura kwenye mkono wangu alisimama bila kushika ukuta, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu Krismasi, na uso wake ukafunguka wote. Nilifurahi na nikajichukia kwa wakati mmoja. Akakipokea, akakaa, akakiweka mapajani. Hakuyaangalia maembe hata kidogo. Aliingiza mkono pembeni, ukapita maembe, ukashuka mpaka kwenye kiwiko, akawa anapapasa chini kabisa ya kiondo, kushoto, kulia, huku macho yake yameangalia juu kama mtu anayetafuta funguo ndani ya maji.

Kisha akautoa mkono polepole.

"Umeyanunua wapi?"

"Ni ya Tata."

"Maitu."

"Ni ya nguruwe," nikasema.

Nikamweleza yote, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nyuzi zilikuwa zinaniuma kwenye fizi. Plamu, minji, ugali na kunde, mwembe ulioinama. Mama alisikiliza akiwa amekumbatia kiondo.

"Kwa hivyo alikurudishia kikiwa na nini?"

"Bila kitu."

"Kitupu?"

"Kitupu, mami. Pole."

"Alikiosha?"

"Hapana. Alikikung'uta tu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikapiga magoti karibu naye, kumbe anacheka. Alicheka kwa kile kicheko chake cha zamani kisicho na sauti mwanzoni, kinachoanzia tumboni, halafu kikatoka chote, akaanguka nyuma kwenye kiti na maembe yakamwagika kibarazani.

"Huyo ndiye yeye!" akasema, akijipangusa macho. "Haiya! Huyo ni dada yangu kabisa. Amekula plamu zangu zote na akanitumia hewa! Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo."

"Si hilo ni tusi?"

"Ni tusi kubwa. Kama angekujazia maembe vizuri na salamu za Bwana, hapo ningejua nimekuwa mgeni. Lete simu."

Mama huweka simu kwenye spika na kuishika mbali kama nyoka, kwa hivyo mimi na majirani wote tulisikia. Hakusalimia.

"Wewe mwizi wa plamu."

Sauti ya Tata ikaja, kavu kama Ngoliba yenyewe.

"Wewe mwosha viondo."

"Si mimi niliosha."

"Najua. Ni muthoni. Nilijua siku ile ile. Mwanamke gani anaosha kiondo na brashi ya viatu?"

Mama akaishusha simu, akaitazama, akaipandisha tena.

"Ulijua? Na umenyamaza mwaka mzima?"

"Nilikuwa nangoja unipigie uniambie."

"Na muthoni ningemsema aje?"

"Na mimi je? Ningemsema aje?"

Hapo sauti zikapungua zote mbili. Tata akasema kwamba alipokuwa na homa mwezi wa sita alikuwa amelala akisikiliza kama simu italia. Mama akasema hakujua kuhusu homa, na kwamba angejua angekuja kwa miguu. Tata akamwambia kwa uzee huo wake angefika lini. Nilienda kuokota maembe ili mama asinione macho.

"Na ile kitu?" mama akauliza ghafla, kwa sauti ya chini, kana kwamba spika inajua maana ya sauti ya chini.

"Iko. Ya mwaka jana ilikauka, lakini hii ni mpya. Nilete?"

"Lete."

"Kitu gani?" nikauliza.

"Dawa," wakajibu kwa pamoja.

Jumamosi iliyofuata mume wangu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumchukua Tata. Nilikuwa nimemfundisha njia nzima ya maisha yetu kwa wiki moja, na alikuwa ameielewa kupita kiasi: alipofika kwa mama alishuka na kiondo cha Tata amekibeba kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama mtu anayepeleka sadaka, na hakukubali kukiweka chini mpaka aambiwe. Kilikuwa bado cheupe kuliko viondo vyote vya Kiambu. Kilikuwa kimejaa maembe ya kijani mpaka juu.

Hao wawili hawakukumbatiana. Tata alisema mama amenenepa, mama akasema Tata amekuwa mweusi, wakashikana mikono na hawakuiachilia mpaka walipofika mlangoni. Kisha wakasema wanaenda jikoni kuosha maembe, mimi nikae na mume wangu tule. Wakaenda na kiondo chote. Mlango ukafungwa, na nikasikia komeo.

Tulikaa sebuleni tukila maembe mawili waliyotuachia. Mume wangu alisema ni matamu sana, na nyuzi zilikuwa zimemning'inia mdomoni kama ndevu. Sikusikia maji yakitiririka. Nilichosikia ni kifuniko cha mkebe mdogo kikibanduka, halafu pumzi mbili ndefu, halafu mama yangu, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliyemtoa mama mwingine kwenye kamati kwa ajili ya ugoro, akapiga chafya iliyotikisa sufuria. Tata akafuata na yake.

Ndipo nilipojua mkono wa mama ulikuwa ukitafuta nini chini ya kiondo, na kwa nini hakuna embe la soko la Thika lililomridhisha. Mwenyekiti hawezi kusimama kwa meza ya muuza ugoro mbele ya waumini wake. Ilibidi uje kutoka Ngoliba, umefunikwa na kitu ambacho hakuna mtu angetamani kukiiba.

"Wana homa?" mume wangu akauliza.

Kabla sijajibu nikasikia vicheko jikoni, vile vya tumboni, viwili kwa pamoja, vikigongana na kuzimwa kwa viganja. Kisha sauti ya mama, ya kunong'ona, ya msichana mdogo kabisa.

"Shhh! Maitu atasikia."

Nikainuka, nikaenda kwenye redio, nikaiongeza sauti.